Pampu Kubwa Ikae Kwenye Maji: Zimamoto ya Mpanda kwa Kipimo cha Makanyagio

Katika mipango ya zimamoto ya miji mingi ya Tanzania, hesabu huanzia kwenye idadi ya magari na mara nyingi huishia hapo hapo, ilhali uwezo wa gari lolote la kuzima moto huamuliwa na maji litakayoyapata baada ya tangi lake kukauka, jambo ambalo kwa gari la kawaida hutokea ndani ya dakika chache. Kasoro hiyo huonekana zaidi inapozungumzwa pampu yenye uwezo mkubwa, yaani mashine inayoweza kusukuma lita 4,000 au zaidi za maji kwa dakika, iwe imefungwa kwenye gari, kwenye tela au ndani ya kontena, kwa kuwa mashine ya namna hiyo ni ghali, huhitajika kwa nadra, na ikipangwa vibaya huwa pambo la gwaride. Kata ya Makanyagio, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inafaa kuwa kipimo cha suala hili kuliko Dar es Salaam au Mwanza, kwa sababu mji usio na bahari wala ziwa mlangoni pake hauwezi kuficha kosa la mpango nyuma ya wingi wa maji.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958, maana yake ni kwamba katika muda wa miaka kumi mkoa umeongezeka zaidi ya maradufu. Hakuna mtandao wa mabomba unaokua kwa kasi hiyo kwa hiari yake. Mji wa Mpanda, uliopata reli kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi karibu na mwaka 1950, umekuwa makao makuu ya mkoa, kituo cha biashara ya mahindi, mpunga, tumbaku na mbao za miombo, na mmojawapo wa miji ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umejengewa vihenge na maghala ya kisasa. Kwa mtaalamu wa zimamoto, orodha hiyo ya bidhaa ni orodha ya vitu vinavyoungua kwa muda mrefu na kwa joto kali, tofauti kabisa na nyumba ya tofali na bati.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia kila mjadala wa pampu. Moto wa nyumba ya kawaida ya ghorofa moja, wa aina ambayo hutarajiwa mara nyingi katika kata ya makazi kama Makanyagio, huzimwa kwa mipira miwili midogo ya kipenyo cha milimita 45, kila mmoja ukitoa lita 250 hadi 300 kwa dakika, mradi askari wafike mapema. Tangi la lita 4,000 kwenye gari la kwanza linatosha kwa dakika saba hivi za kazi mfululizo, na dakika saba zikitumiwa vizuri humaliza moto wa chumba kimoja au viwili. Kupeleka pampu ya lita 4,000 kwa dakika kwenye moto huo ni kuziba njia tu. Kinachohitaji pampu kubwa ni soko, ghala, ua wa mbao, kituo cha mafuta au safu ya maduka yaliyoshikana, ambako moto usipodhibitiwa katika hatua ya kwanza hudai maji kwa saa nyingi, na ambako lengo huhama kutoka kuokoa jengo linaloungua hadi kukata njia ya moto usivuke kwenda jengo la pili.

Afrika Mashariki imepata mifano ya kutosha ya moto wa aina hiyo. Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kujulikana kwa mapaa yake ya umbo la mwavuli, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Soko la Karume, Ilala, liliteketea usiku wa kuamkia 16 Januari 2022. Na katika Gikomba jijini Nairobi, ambako moto umekuwa ukirudi mara kwa mara, watu 15 walipoteza maisha katika moto wa 28 Juni 2018. Masoko haya yanafanana katika mambo mawili: moto ulishika kasi usiku wakati wenye vibanda hawapo, na shehena iliyorundikwa katika eneo dogo ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa magari machache yanayotegemea matangi yao wenyewe. Anayedhani kwamba Mpanda, kwa kuwa ni mji mdogo, hauhusiki na mambo ya Kariakoo anasahau kwamba moto haupimi ukubwa wa mji bali ukubwa wa kile kinachoungua mahali pamoja.

Jibu linalokuja haraka ni kununua gari lenye pampu kubwa na kuliweka katikati ya mji, karibu na soko. Jibu hilo linavutia, na kwa sehemu kubwa ni kosa. Pampu haitengenezi maji. Huyaongezea maji yaliyopo kanieneo, yaani nguvu ya msukumo, ambayo hupimwa kwa baa, na baa moja ni takriban uzito wa safu ya maji iliyosimama mita 10. Bomba la mtaa lenye kipenyo cha milimita 100, maji yakitembea ndani yake kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, hupitisha lita 700 hivi kwa dakika, wakati bomba la milimita 200 kwa mwendo huo huo hupitisha karibu lita 2,800. Pampu ya lita 4,000 ikiunganishwa kwenye bomba la kwanza itataka karibu mara sita ya kile bomba linachoweza kutoa, na itakapolazimisha, kanieneo ndani ya bomba itashuka chini ya ile ya hewa ya nje, maji machafu yaliyo ardhini yataanza kuvutwa kupitia nyufa na viungo vibovu, na wakazi wa mitaa ya jirani watakaofungua bomba kesho yake watakunywa matokeo ya moto wa jana. Kwa sababu hiyo haidranti, yaani tundu maalumu la bomba ambalo askari huunganisha mpira wake, haina thamani kwa kuwepo tu. Thamani yake ni idadi ya lita inayotoa kwa dakika, na idadi hiyo haijulikani mpaka ipimwe.

Njia ya pili ya kuilisha pampu ni kunyonya maji kutoka bwawa, mto au tangi la ardhini kwa kutumia mpira mgumu wenye chujio mwishoni. Hapa jiografia ya Katavi huingia kwa namna ambayo wauzaji wa mashine hawana haraka ya kuitaja. Pampu hainyonyi maji kwa nguvu zake. Huondoa hewa ndani ya mpira ili kanieneo ya hewa ya nje iyasukume maji yapande, na kwenye usawa wa bahari hewa hiyo haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10.3, hata kwa nadharia. Mpanda, ikiwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi, kiasi kwamba kikomo hicho cha nadharia hushuka hadi mita 9 na ushei, na kikomo cha kazi, baada ya kutoa msuguano na uvujaji mdogo wa viungo, huwa karibu mita 6. Uwezo ulioandikwa kwenye bamba la pampu hupimwa katika mwinuko mdogo wa kunyonya, mita 3 kwa kawaida, kwa hiyo bwawa ambalo maji yake yameshuka mwishoni mwa kiangazi huipunguzia mashine hiyo hiyo sehemu kubwa ya uwezo wake. Bwawa la Milala, lililo nje kidogo ya mji, haliwezi kuhesabiwa kama chanzo cha zimamoto kwa kuangalia ramani; huhesabiwa kwa kuangalia kingo zake mwezi Oktoba, kuona kama gari zito linaweza kufika umbali wa mita chache kutoka kwenye maji bila kuzama kwenye matope, na kujenga jukwaa la zege pale ambapo haliwezi.

Kati ya chanzo na moto kuna njia mbili za kusafirisha maji, boza na mpira mpana, na ni katika kuzilinganisha ndipo mahali pa kuiweka pampu kubwa huanza kuonekana. Ichukuliwe kwamba chanzo kiko kilomita 3 kutoka kwenye moto. Boza la lita 10,000 likijazwa kwenye bomba linalotoa lita 1,000 kwa dakika hutumia dakika 10 kujaa, dakika 6 kwenda, dakika 3 kumwaga na dakika 6 kurudi, jumla dakika 25, maana yake ni lita 400 kwa dakika. Nozeli moja kubwa ya kuwekwa chini, ya aina inayohitajika mbele ya soko linalowaka, hula lita 2,000 kwa dakika. Kwa hesabu ya haraka maboza matano yangetosha, lakini hesabu hiyo ni ya uongo, kwa sababu maboza yote matano hupanga foleni kwenye mdomo mmoja wa kujazia unaotoa lita 1,000, na hata yakiwa maboza kumi, maji yanayofika kwenye moto hayawezi kuzidi lita hizo 1,000. Manispaa inaweza kukodi kila boza la maji lililopo mjini, pamoja na yale ya wakandarasi wa barabara, na moto ukaendelea kula vibanda huku madereva wakisubiri zamu.

Pampu kubwa ikiwekwa kwenye chanzo, foleni hiyo huvunjika. Boza hujaa kwa dakika mbili na nusu badala ya kumi, mzunguko hupungua hadi dakika 17 na nusu, kila boza hutoa lita 570 hivi kwa dakika, na maboza manne hutosha kuilisha nozeli ile moja bila kukatika, ikiwa kwenye eneo la moto kuna bwawa la turubai la kumwagia maji ili boza lisisubiri gari la zimamoto limalize kunywa. Huo ndio msingi wa hoja ya safu hii: katika mji wa aina ya Mpanda, pampu kubwa ni mashine ya chanzo cha maji kabla ya kuwa mashine ya kupambana na moto, na mahali pake pa kazi ni ukingoni mwa maji, mbali na picha za waandishi wa habari, wakati magari ya kawaida ndiyo yanayosimama mbele ya moto.

Mpira mpana hubadilisha hesabu hiyo tena. Msuguano wa maji ndani ya mpira huongezeka kwa kipeo cha pili cha mtiririko, yaani maji yakiongezwa mara mbili msuguano huongezeka mara nne, lakini hupungua kwa kipeo cha tano cha kipenyo, na kwa hiyo mpira wa milimita 150 hupoteza kanieneo takriban mara 45 pungufu ya mpira wa kawaida wa milimita 70 unaopitisha maji yale yale. Kwa mpira wa milimita 70, kupitisha lita 1,000 kwa dakika hugharimu karibu baa 2.7 kwa kila mita 100, na kwa kilomita moja hasara hiyo hupita kile ambacho pampu au mpira wenyewe unaweza kustahimili. Kwa mpira wa milimita 150, lita 2,000 kwa dakika zinaweza kwenda kilomita 3 kwenye ardhi tambarare kwa hasara ya baa 7 hivi, kazi ambayo pampu moja nzuri huimudu peke yake. Gharama yake ni muda: kilomita 3 za mpira huo humeza lita 53,000 kabla tone la kwanza halijatoka upande wa pili, na kwa lita 2,000 kwa dakika hizo ni dakika 26, bila kuhesabu muda wa kuutandaza. Kwa hiyo mpira mpana hauchukui nafasi ya maboza katika nusu saa ya kwanza. Maboza hushikilia mpaka mpira ujae.

Uzoefu wa nje unathibitisha kwamba kilicho muhimu ni mfumo, na kwamba ukubwa wa injini peke yake hausaidii sana. Mwaka 1965 jiji la New York lilianza kutumia mtambo uliobuniwa na msanifu wa meli William Francis Gibbs, wenye uwezo wa kusukuma zaidi ya lita 33,000 kwa dakika, ukiendeshwa kwa injini ya aina ya Napier Deltic iliyotumika pia katika manowari na vichwa vya treni, na ukifuatana na magari mengine ya kubeba mipira mipana na nozeli kubwa. Mwaka 1982 mtambo huo ulistaafishwa, lakini magari ya mipira yaliyoufuata yalibaki katika kazi, yakilishwa na pampu za ukubwa wa kawaida. Uingereza, baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, ilinunua pampu za kubebwa kwenye kontena zenye uwezo wa lita 7,000 kwa dakika pamoja na kilomita kadhaa za mipira ya milimita 150, ikazigawa kwa vikosi vya zimamoto vya mikoa mbalimbali, na zilipohitajika kwenye moto wa ghala la mafuta la Buncefield Desemba 2005, zilikusanywa kutoka pande nyingi za nchi.

Mpango huo wa Uingereza hauwezi kunakiliwa Katavi bila kurekebishwa. Nchi yenye mikoa iliyobanana inaweza kuweka pampu moja kwa ajili ya miji mitano, kwa kuwa jirani hufika kwa saa moja au mbili. Kutoka Sumbawanga hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Tabora ni zaidi ya 300. Msaada unaotoka huko hukuta majivu. Vivyo hivyo, gari la zimamoto la uwanja wa ndege haliwezi kuingizwa katika hesabu ya mji, kwa sababu kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hulitaka lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, na ndege haiwezi kuruhusiwa kutua wakati gari lake liko sokoni. Mpanda inapaswa kujitegemea kwa saa nne au tano za mwanzo, na mashine inayofaa kwa hali hiyo ni pampu ya lita 4,000 kwa dakika iliyofungwa kwenye tela, inayovutwa na gari lolote lenye nguvu, pamoja na kilomita mbili au tatu za mpira mpana, kuliko gari moja kubwa ambalo kipuri chake kikikatika hungojwa kutoka ng'ambo kwa miezi. Kituo chake kinapaswa kuwa upande wa mji unaoelekea chanzo cha uhakika cha maji, penye njia ya kutokea isiyokatizwa na reli wala kuzibwa siku ya gulio.

Hata hivyo, Makanyagio haipaswi kusubiri bwawa. San Francisco, baada ya tetemeko la ardhi la 1906 kuvunja mabomba na kuacha jiji liungue kwa siku tatu, ilijenga mtandao wa pili wa maji kwa ajili ya moto peke yake, na chini ya njia panda zake kukawekwa matangi ya ardhini, mengi yakiwa na ujazo wa lita 280,000 hivi, ambayo hadi leo yanatambulika kwa duara la matofali kwenye lami. Mtandao wa pili ni anasa kwa Mpanda, lakini matangi si anasa. Tangi la lita 120,000, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kina cha mita 2.5, huilisha nozeli ya lita 2,000 kwa saa nzima, na kina hicho kiko ndani ya uwezo wa kunyonya hata kwa hewa nyepesi ya Mpanda. Paa la shule au soko lenye mita za mraba 600, likipoteza sehemu ya tano ya maji kwa kumwagika na kukauka, hulijaza kwa milimita 250 za mvua, kiasi ambacho msimu wa Katavi, unaodumu kuanzia Novemba hadi Aprili, hukitoa mapema. Tatizo la tangi kama hilo ni la kijamii: kiangazi kikikaza, hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayewazuia akina mama wenye ndoo wasiyaguse maji yaliyolala bila kazi, na wala haipendezi awazuie. Ufumbuzi wake ni wa fundi bomba. Tundu la matumizi ya nyumbani huwekwa juu ya kiwango cha akiba, tundu la zimamoto chini kabisa, na kwa hivyo watu huchota ya juu mpaka yaishe huku akiba ya moto ikibaki bila mlinzi.

Kikwazo kilichobaki ni cha mamlaka. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliweka msingi wa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, badala ya vikosi vilivyokuwa mikononi mwa halmashauri, na faida yake ni kwamba pampu iliyonunuliwa Dodoma inaweza kupelekwa inakohitajika. Lakini maji ya Mpanda yako chini ya mamlaka ya maji, MUWASA. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Masoko na vibali vya ujenzi viko chini ya manispaa. Na jeshi lenyewe lina gari tu. Pampu kubwa ndiyo mashine pekee ya zimamoto isiyoweza kufanya kazi hata dakika moja bila taasisi zote nne kukubaliana kabla ya moto: nani afungue valvu usiku ili kanieneo ipandishwe kuelekea Makanyagio, maboza ya nani yatumike na nani alipie dizeli, njia gani ibaki wazi kwa ajili ya mpira usiopaswa kukanyagwa na magari. Amri ya kuitoa pampu nayo haifai kusubiri ombi la kamanda aliyeko kwenye moto, kwa sababu kamanda huomba msaada akiwa tayari amezidiwa. Simu ya dharura ya zimamoto, 114, ikitaja soko, ghala au kituo cha mafuta, pampu iondoke kwenda kwenye chanzo cha maji wakati ule ule gari la kwanza linapoondoka kwenda kwenye moto, na ikirudi bila kutumika isihesabiwe kuwa safari ya bure.

Serikali imekuwa ikitangaza mipango ya kuongeza magari ya zimamoto nchini, na Katavi ina haki ya kudai fungu lake. Kabla ya kudai, MUWASA na kikosi cha zimamoto cha mkoa wanaweza kufanya kazi moja isiyohitaji mkopo wala mkandarasi: kuzunguka Makanyagio na kata jirani mwezi Oktoba, maji yanapokuwa machache kuliko wakati wowote, kufungua kila haidranti na kila bomba kubwa linalofaa kujazia boza, kupima linatoa lita ngapi kwa dakika, na kubandika takwimu hizo ndani ya kila gari la zimamoto na kwenye ukuta wa chumba cha simu.